Mkija Ndabibi na Violini Zenu, Mje Kukaa

Wacha niseme mapema, kabla mtu hajaniambia violini ni ya Karen na Muthaiga: Ndabibi ni mahali pazuri sana pa kuleta kundi dogo la wanamuziki wakae, wafanye mazoezi, watunge na wapige. Nasema wakae. Sisemi watembelee. Tofauti ya hayo maneno mawili ndiyo mada yangu leo.

Wenye fani wanaiita ukaazi wa wasanii. Msanii au kundi linapewa nyumba, chakula na muda, mbali na kelele za jiji, ili lifanye kazi yake kwa utulivu. Waandishi wanafanya hivyo, wachoraji pia. Kwa wapigaji wa ule muziki unaoitwa muziki wa chumba, Ulaya na Marekani wamezoea kabisa: kundi linaenda mashambani, linajifungia wiki kadhaa, jioni ya mwisho linawapigia majirani, kesho yake wanafunga mizigo.

Muziki wa chumba wenyewe ni rahisi kuelewa kuliko jina lake. Ni watu wachache, mara nyingi wanne: violini mbili, viola moja, na selo ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Hakuna kondakta. Kila mtu ana sehemu yake peke yake, kwa hivyo hakuna kujificha nyuma ya mwenzako kama kwenye kwaya. Anayeanzisha anavuta pumzi, wengine wanaiona hiyo pumzi na wanaingia naye. Mmoja akikimbia, wote wanasikika wamepotea. Ni muziki uliozaliwa kupigwa ndani ya nyumba, wasikilizaji wakiwa karibu kiasi cha kusikia upinde ukigusa uzi. Hauhitaji jukwaa, taa, wala spika za kukodi. Kanisa la mabati linatosha, bora tu mvua isinyeshe.

Hapo ndipo Ndabibi inapoingia.

Kwa wale hamjawahi kufika, Ndabibi iko upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Unatoka Naivasha mjini, unashika Moi South Lake Road, unapita Karagita, unapita mashamba ya maua, Kamere, Kongoni, halafu nchi inafunguka kuwa tambarare. Milima ya Eburru iko kaskazini. Ukizidi kwenda unafika Maiella. Huku ni mahindi, maharagwe, ng'ombe, kondoo, na vumbi. Vumbi letu ni majivu ya volkano ya zamani, jepesi kama unga, na linaingia mpaka kwenye mfuko wa shati uliofungwa kifungo.

Sanaa kando ya hili ziwa si jambo geni. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alisomea piano Vienna kabla hajakanyaga Kenya, na humu nchini akachora mamia ya picha za watu wa jamii mbalimbali wakiwa kwenye mavazi yao. Nyumba yake, Elsamere, bado iko ufuoni upande wa kusini. Leo barabara hiyo hiyo imejaa hoteli na kambi. Watu wanakuja kuandika vitabu, kurekodi nyimbo, kupiga picha za harusi. Shida ni moja tu: sanasana hiyo sanaa inaishia kwenye ua. Mwenyeji anaijua kupitia mlango wa jikoni. Yeye ndiye anapika, anafua shuka, analinda geti. Muziki anausikia, ndio, lakini anausikia ukitoka ng'ambo ya ukuta.

Nimewahi kuitwa kupiga video ya jioni ya aina hii kwenye hoteli moja upande wa ziwa. Watoto kama ishirini waliletwa kutoka shule ya karibu. Wakakalishwa mbele kwenye nyasi. Baada ya wimbo wa tatu, kila mmoja akapewa violini ashike, kamera zikafanya kazi, na baada ya dakika kumi violini zikarudi kwenye masanduku na watoto wakarudi kwenye basi. Kuna msichana mmoja alikuwa ameanza kupata sauti. Si wimbo, sauti tu, ile ya kwanza safi isiyokwaruza. Akanyang'anywa kwa upole, akaambiwa asante. Video ilitoka ikapendeza. Waliolipa wakafurahi. Na huyo msichana hakuna mtu aliyemuuliza jina.

Hiyo ndiyo ninaita kutembelea.

Tunaijua vizuri huku. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na Naivasha ikawa makao yake. Magari yamepita Loldia, Kedong, Hell's Gate. Sina ugomvi na rally. Vyumba vinajaa, nyama inaisha kwa mabucha, boda wanapata kitu. Lakini wikendi ikiisha, hesabu ni vijana wangapi wa huku wamebaki na ujuzi wa kuunda au kutengeneza gari la mashindano. Sherehe ikipita bila kuacha ufundi, mwenyeji anabaki na picha kwenye simu na vumbi kwenye paa.

Sasa najua nyinyi mtasema nini.

La kwanza: "Hiyo ni muziki ya wazungu, sisi inatuhusu nini?" Hebu tulia. Kitu cha uzi kinachosuguliwa kwa upinde hakikuletwa hapa na meli. Wajaluo wana orutu. Waluhya wana shiriri. Agikuyu walikuwa na wandindi, uzi mmoja tu, na vijana wengi wa kwetu hata jina hawajawahi kulisikia. Ukienda Zanzibar, kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, na fidla imo kwenye taarab mpaka wa leo kama nazi kwenye wali. Hakuna mtu pale anaiita ya mgeni. Na kama unataka mtu aliyeandikia hao wapigaji wanne kwa sauti ya Afrika Mashariki, yuko Justinian Tamusuza wa Uganda. Kronos Quartet ya Marekani iliweka kazi yake, iliyojengwa juu ya muziki wa Kiganda, kwenye albamu yao ya Pieces of Africa mwaka 1992. Hizo violini mbili, viola na selo ni vyombo vya kazi, kama jembe. Jembe haliulizi unapanda viazi au waru, na ukiwa Mkikuyu unajua ni kitu kimoja.

Tena fikirieni Kamere na Karagita. Kazi ya maua imeleta watu kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, kila kona. Ndani ya zile nyumba za kupanga, sitashangaa hata kidogo kukuta mzee anayejua kupiga orutu na hajapiga miaka kumi kwa sababu hakuna aliyemwomba. Kundi lenye miezi mitatu ya kukaa linaweza kumpata huyo mzee. Kundi lenye wikendi moja haliwezi.

La pili, na hili ni zito: "Tuna shida ya maji, ya barabara, ya bei ya maziwa. Unatuletea violini?" Ndio, na sitaki mtu aache kudai maji kwa sababu amepewa tamasha. Maji na barabara ni haki, na bajeti yake iko kwa serikali ya kaunti na ile ya kitaifa. Pesa za ukaazi wa wasanii haziondolewi kwenye tangi la maji la Ndabibi. Zinatoka kwa mashirika ya sanaa, balozi, hoteli na kampuni ambazo tayari zinalipia jioni kama ile niliyopiga video. Swali langu ni hizo pesa zinatumikaje zikishafika kwa jina letu. Halafu kuna jambo ambalo watu wanaotusemea huwa wanasahau: mkulima hangoji lami ndio aimbe. Hapa tunaimba kanisani, tunaimba matangani, tunaimba kwenye ruracio. Hakuna aliyetuambia tungoje maendeleo kwanza.

Basi, mambo haya yakifanywa vizuri yanakaa aje?

Mfano ninaoupenda ni wa Jesup, mji mdogo wa wakulima kwenye jimbo la Iowa, Marekani, wenye watu kama elfu mbili. Mwaka 1992, kundi la ndugu wanne wa familia moja, Ying Quartet, lilihamia pale kwa ufadhili wa mfuko wa kitaifa wa sanaa wa nchi hiyo. Walihamia. Walipanga nyumba, wakanunua chakula madukani pale pale, wakapiga kwenye shule, makanisa na sebule za watu. Walikaa miaka miwili. Ndani ya miaka miwili, mtu anakujua. Anajua unapenda chai ya aina gani, na anaweza kukuambia usoni kwamba kile kipande cha Jumapili kilimchosha. Msanii anayeweza kuambiwa hivyo na jirani yake amepata kitu ambacho makofi ya Nairobi hayatampa.

Na kwa sisi wa karibu, mnaijua Ghetto Classics ya Korogocho. Elizabeth Njoroge na wenzake walianza 2008, kando ya dampo la Dandora, na wakaendelea kurudi wiki baada ya wiki. Nguvu yake haikutoka kwenye tamasha moja kubwa. Ilitoka kwa mazoezi ya kuchosha ambayo hakuna mtu anayepiga picha.

Ukitaka kuona upande mwingine wa shilingi, rudi nyuma kabisa mpaka kwa Joseph Haydn, yule wanayemwita baba wa muziki wa wapigaji wanne. Mwaka 1761 aliajiriwa na familia ya kitajiri ya Esterházy, na baadaye akawa anakaa miezi mingi kwenye kasri lao la mashambani Hungary. Baadaye alikiri kwamba kukaa mbali na kila mtu kulimfanya awe na sauti yake mwenyewe. Sawa. Lakini mwaka 1772 wanamuziki wake walikuwa wamewekwa huko kwa muda mrefu mno, mbali na wake zao, na bosi hataki kuwaachia. Haydn akaandika sinfonia ambayo mwishoni wapigaji wanazima mishumaa na kuondoka mmoja mmoja, mpaka wanabaki wawili. Bosi akaelewa. Mashambani panaweza kumlisha msanii, na panaweza pia kuwa gereza lenye mandhari nzuri. Kwa hivyo ninapodai wanamuziki wakae, sidai wakae bure au wakae kwa kulazimishwa. Walipwe vizuri, wapewe likizo, waje na familia zao kama wanataka.

Upande wetu nao una historia yake ya uchungu. Mwaka 1950, ng'ambo ya Mau, pale Kapkatet, Hugh Tracey alifika na mashine yake ya kurekodi akawanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Hilo jina ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefika kijijini kwa sahani za santuri, likageuzwa na ulimi wa kwetu. Wimbo wenyewe ukasafiri dunia nzima na kupendwa na watu ambao hawawezi kuonyesha Kapkatet kwenye ramani. Rekodi ikahifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwenyewe. Nakala zilirudishwa kijijini 2015, kwa juhudi za maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Tabu Osusa. Miaka 65. Wasichana walikuwa wamekuwa nyanya, na wengine wameshazikwa.

Simlaumu Tracey kwa kurekodi. Bila yeye huo wimbo labda ungepotea. Lakini miaka 65 ni mirefu sana kwa kitu ambacho siku hizi kinaweza kutumwa kwa simu kabla chai haijapoa. Mtu akija Ndabibi leo, akarekodi bibi akiimba wimbo wa kukama ng'ombe, akauweka ndani ya utunzi wake mpya wa violini, huyo bibi anapaswa kuwa na nakala siku hiyo hiyo, jina lake liandikwe, na kama kuna malipo naye alipwe.

Kwa hivyo, kwa yeyote anayepanga kuja na kundi lake huku, haya ndiyo masharti yangu. Sina ofisi wala muhuri, lakini nadhani wenyeji wengi wataniunga mkono.

Moja, mkae angalau muhula mmoja wa shule. Chini ya hapo, mtoto hajamaliza hata kujifunza kushika upinde bila bega kukakamaa.

Mbili, mlale kwetu. Si lazima iwe nyumba ya udongo, tusianze maigizo. Kuna nyumba nzuri za kupanga Ndabibi. Kodi iende kwa mwenye nyumba wa hapa, na maziwa mnunue kwa jirani. Mazoezi ya asubuhi mfanye dirisha likiwa wazi. Mtu anayepita na punda wa maji akisikia mkirudia mstari mmoja mara thelathini, atajua kwamba kipaji ni jasho. Hilo somo peke yake linazidi tamasha.

Tatu, mpige mahali watu wako tayari: kanisani baada ya ibada, sokoni siku ya soko, kwenye kituo cha maziwa wakati watu wanangoja kupimiwa. Na mkiombwa kupiga matangani, mwende. Hapo ndipo mtajua kama muziki wenu una uzito.

Nne, muache vyombo na muache mtu. Violini ya bei ya chini kabisa bado inameza sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi wa mtu anayekata maua. Lakini chombo bila fundi ni pambo. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari; mchana jua linakausha mbao, usiku baridi inaingia, na mbao ikijikunja na kujikunjua hivyo, vigingi vinalegea na ubao wa juu unaweza kupasuka. Ongeza vumbi letu. Kwa hivyo mfundishe vijana wawili watatu kubadilisha nyuzi, kukaza vigingi na kugundisha ufa. Mfundishe pia mwalimu mmoja wa hapa, mumlipe kwa muda huo, ili mkiondoka Jumatatu, Jumanne somo liendelee.

Na kwa nini nina haraka hivi? Kwa sababu ya Grade 10. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia shule ya upili, na njia ziko tatu: ya sayansi, ya masomo ya jamii, na ya sanaa na michezo. Kwenye karatasi, mtoto wa Ndabibi mwenye sikio la muziki sasa ana njia yake, na muziki ni somo kamili kama hesabu. Kwenye darasa, shule isiyo na mwalimu wa muziki wala chombo hata kimoja haiwezi kumpa hiyo njia. Atakayeifuata ni yule mtoto wa mjini ambaye mzazi wake analipia masomo ya Jumamosi. Halafu baada ya miaka kumi tutakaa hapa tukisema watoto wa mashambani hawana mwelekeo wa sanaa.

Sisemi kundi moja la watu wanne litaziba pengo la wizara nzima. Hapana. Lakini linaweza kuonyesha kwamba linazibika, na kumpa mwalimu mkuu mmoja sababu ya kuandika ombi, na mzazi mmoja sababu ya kutouza ile violini mtoto akirudi nayo nyumbani.

Kuna kitu kingine kidogo. Eneo hili, kutoka huku mpaka Maiella na Enoosupukia, liliona machafuko ya 1993, watu wakafukuzana kwa sababu ya ukoo na ardhi. Sitadanganya kwamba violini inaponya jambo kama hilo. Ila watoto wanne wa nyumba nne tofauti wakikaa duara, kila mmoja na sehemu yake, na wasiweze kuanza mpaka wameangaliana usoni, wamefanya zoezi ambalo wazee wao hawakupewa nafasi ya kutosha kulifanya.

Hoteli za kando ya ziwa, nanyi mko kwenye hesabu. Mnajua vyumba vyenu viko tupu katikati ya wiki msimu ukiwa mbaya. Wakati mwingine mkitaka jioni ya violini na divai, fanyeni hivyo, ni biashara yenu. Ila nusu ya ile bajeti iendeni mkalipe kodi ya miezi mitatu huku juu. Na mkihitaji mtu wa kupiga video, mimi nipo. Sharti langu ni niruhusiwe kuja siku ya kwanza, wakati watoto bado wanakwaruza, na nirudi siku ya tisini. Hapo katikati nitaandika majina yao wote.